KISWAHILI CHA KUTOSHA NI KIPI?
Uhakiki wa sharti la lugha kwa wafanyakazi wa kigeni wanaoomba uraia

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, watu wawili walifika katika idara yetu kwa nyakati tofauti wakiwa na ombi moja. Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa kigeni. Wote walikuwa wameishi Kenya kwa zaidi ya miaka saba kwa vibali halali, na wote walikuwa wakijiandaa kuomba uraia. Walichotaka kwetu ni barua ya kuthibitisha kwamba wanajua Kiswahili, waiambatanishe na fomu zao.

Wa kwanza alikuwa mhandisi wa maji kutoka Ulaya. Alikuwa amejifunza Kiswahili jioni baada ya kazi, kwa mwalimu wa kulipwa, na bidii yake ilionekana. Tulimpa karatasi tuliyozoea kuwapa wanafunzi wa kigeni: ngeli, nyakati, umoja na wingi, kinyume cha maneno, na insha fupi kuhusu faida za utalii. Alipata alama 74 kwa mia. Barua yake tuliiandika siku iyo hiyo.

Wa pili alikuwa fundi wa injini za mashua. Alizaliwa upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, akajifunza ufundi ujanani katika mji wa Kashikishi, upande wa Zambia, kisha kazi ikampeleka Kigoma na baadaye Kisumu. Alipoketi ofisini alizungumza nasi kwa karibu saa nzima. Alitueleza jinsi maji yanavyopenya katika mafuta na kuizima injini katikati ya ziwa, jinsi alivyowafunza vijana wanne kazi hiyo, na jinsi alivyogombana na mwajiri wake wa kwanza kuhusu ujira hadi wazee wa ufuoni wakawapatanisha. Tulicheka naye. Kisha tukampa karatasi ile ile. Alipata alama 31. Tukamwambia kwa heshima kwamba Kiswahili chake hakijatosha, na kwamba idara ina kozi ya jioni. Alitushukuru, akatoka. Hakurudi tena.

Makala haya yametokana na karatasi hiyo, ambayo tunayo hadi leo. Swali letu ni hili: sheria inapomtaka mwombaji uraia ajue Kiswahili, inadai nini hasa? Na sisi walimu tunapoombwa kuthibitisha ujuzi huo, huwa tunapima nini? Tunakusudia kuonyesha kwamba tulipima jambo ambalo sheria haikuliuliza, tukaliacha lile ililouliza. Hatukulitambua kosa hilo ofisini. Tulilitambua tulipofika Kashikishi wenyewe.

Sheria zinasemaje?

Mhakiki hana budi kusoma matini kabla ya kuitolea hukumu. Tuanze basi na matini yenyewe.

Nchini Kenya, katiba ya zamani iliyotumika hadi mwaka 2010 ilimtaka mgeni anayeomba uraia awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 15, inampa haki ya kuomba uraia mtu aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo, na masharti mengine imeyaachia sheria ya Bunge. Sheria hiyo ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba mwombaji aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lahaja ya mahali.

Tuyatazame maneno haya kama tunavyotazama ubeti. Jambo la kwanza ni vitenzi. Viko viwili tu: kuelewa na kuzungumza. Kusoma hakumo, wala kuandika. Aliyeitunga sheria alikuwa akimfikiria mtu anayesikiliza na kujibu, yaani jirani, mteja, shahidi mahakamani, mzazi katika mkutano wa shule. Hakumfikiria mtahiniwa mwenye kalamu.

Jambo la pili ni neno "lahaja". Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na neno lililochaguliwa ndilo lile ambalo wanaisimu hulitumia kwa Kimvita, Kiamu au Kipemba. Ni wazi kwamba mtungaji hakukusudia hivyo. Alimaanisha Kikuyu, Dholuo, Kisomali na lugha nyinginezo za wananchi. Kuziita lugha kamili "lahaja" ni mazoea mabaya ya zamani, na tunashangaa kuyakuta katika sheria iliyotungwa mwaka mmoja baada ya katiba inayoitaka Serikali ilinde anuwai ya lugha za wananchi. Hata hivyo, kosa hilo la istilahi lina faida ambayo huenda haikutarajiwa. Ikiwa neno hilo litachukuliwa kwa maana yake halisi, basi sheria imekiri kwamba Kiswahili kina sura nyingi, na kwamba zote zinaweza kumfikisha mtu kwenye uraia.

Jambo la tatu ni ukimya. Sharti lenyewe halitaji mtihani, halitaji ngazi, wala halimtaji mtahini. Pengo hilo lazima lijazwe na mtu. Wakati mwingine hujazwa na ofisa mezani, na wakati mwingine na mwalimu wa Kiswahili aliyeombwa barua. Hapo ndipo sisi tulipoingia, tena bila kujiuliza.

Tukivuka mpaka tunakuta mambo tofauti. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Kiunganishi hicho "au" kina uzito mkubwa. Nchi ambayo imekuwa mfano kwetu sote katika kukikuza Kiswahili inamruhusu meneja wa kigeni kupata uraia bila ya kujua hata salamu, mradi anajua Kiingereza. Kwa asiye na Kiingereza, lakini, Kiswahili ndiyo njia pekee. Tukumbuke wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Wengi wao walikuwa wakulima. Kiunganishi "au" hakikuwekwa kwa ajili ya watu kama wao.

Uganda nayo inadai miaka 20 ya ukaazi, pamoja na ujuzi wa kutosha wa lugha ya wenyeji iliyoainishwa au wa Kiingereza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sheria yake ya uraia ya mwaka 2004, inataka mwombaji ajue kuzungumza mojawapo ya lugha za Kongo. Kifaransa, ambacho ndiyo lugha rasmi, hakitoshi peke yake. Katiba ya Zambia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inadai katika kifungu cha 37 ukaazi wa mfululizo usiopungua miaka 10 kwa mgeni asiye na asili ya Zambia. Kifungu hicho hakisemi lolote kuhusu lugha.

Sasa tumweke fundi wetu katikati ya ziwa alikozaliwa karibu yake. Ufuo wa magharibi wa Mweru, Kiswahili chake au Kibemba chake kinatimiza sharti la sheria. Ufuo wa mashariki, kifungu cha katiba hakimuulizi anasema lugha gani. Kigoma angehitaji kuonyesha kwamba Kiswahili chake "kinatosha". Kisumu sheria ilimtaka aelewe na azungumze, naye aliweza yote mawili. Aliyemzuia ni mwalimu wa Kiswahili.

Tuliyoyakuta Kashikishi

Tulifika Kashikishi kwa mwaliko wa mwenzetu tuliyesoma naye shahada ya uzamili, ambaye sasa anafundisha katika wilaya ya Nchelenge. Barabara kutoka Mansa hulifuata bonde la mto Luapula na kupitia Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, kabla ya kufika ziwani. Nchelenge na Kashikishi zimeungana kiasi kwamba mgeni hajui ametoka mji mmoja saa ngapi na kuingia wa pili. Ng'ambo ya maji ni Kongo.

Tulikwenda sokoni asubuhi ya kwanza. Mbele ya mama mmoja kulikuwa na chungu ya samaki wadogo waliokaushwa juani. Tukasema kwa lafudhi yetu ya darasani: "Shikamoo mama. Tafadhali, dagaa hawa wanauzwaje?" Mama akatutazama, akamgeukia mwenyeji wetu na kumuuliza jambo kwa Kibemba. Kisha akamweleza jirani yake, kwa Kiswahili ambacho tulikielewa barabara: "Huyu anasema Kiswahili ya mu kitabu." Wote wakacheka, nasi tukacheka, ingawa kicheko chetu kilichelewa kidogo.

Samaki wale huko huitwa chisense. Kwetu Kisumu, samaki wa umbo kama lile tungewaita omena, jina la Kidholuo. Uganda wangeitwa mukene, Kigoma dagaa, na sehemu nyingine za Zambia kapenta. Wanazuoni wa viumbe watatuambia kwamba hawa si samaki wa aina moja, na ni kweli. Lakini mtungaji wa mtihani wa msamiati angeandika "dagaa" na kuyachukulia majina mengine yote kuwa makosa. Mama yule alikuwa akiwauzia wateja kutoka Kongo kwa Kiswahili na wateja wa Zambia kwa Kibemba, akihesabu chenji za sarafu mbili. Karatasi yetu isingempa alama 20.

Muda si muda mnunuzi mmoja akamwomba mama huyo amwongezee "tusamaki". Hapo tulisimama kidogo, kwa kuwa tulikumbuka swali la nne la karatasi yetu: "Andika kwa wingi: Kitoto hiki kinalia." Jibu tulilolitaka ni "Vitoto hivi vinalia." Fundi aliandika "Tutoto tunalia." Tulikuwa tumempa sifuri, tena kwa wino mwekundu.

Ni lipi kosa la fundi? Viambishi ka- kwa umoja na tu- kwa wingi, kwa maana ya udogo, vimo katika Kibemba, vimo katika Kikuyu, vimo katika Kikamba, na vimo katika lugha nyingi za Kibantu. Wanaisimu wanavihesabu kuwa urithi wa kale wa lugha hizi. Kiswahili sanifu ndicho kilichoviacha, kikaupeleka udogo katika ngeli ya ki- na vi-. Kiswahili cha Katanga kimevitumia, kama kinavyosema batu na bintu pale sisi tunaposema watu na vitu. Huo ni mfumo kamili wenye kanuni zake, na anayeuzungumza haropoki. Isitoshe, neno "katoto" tunalisikia kila siku Nairobi na Nakuru, na katika ujia wa idara yetu hulitumia wanafunzi wa shahada ya Kiswahili. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hawastahili kuwa Wakenya.

Mazingira yale yana historia. Kiswahili hakikufika Mweru jana kwa redio. Livingstone alipofika ziwa hilo mwezi Novemba mwaka 1867 na kuingia katika makao ya Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi eneo hilo kwa miaka mingi. Mwaka huo huo Tippu Tip alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, mashariki ya ziwa. Misafara ya pembe ilikiacha Kiswahili kwenye njia zake, na migodi na miji ya Katanga ikakilea kwa namna yake. Kongamano la Mombasa lilipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, watu wa ufuo huu walikuwa tayari wanacho Kiswahili chao. Hawakuulizwa, wala hawakukisubiri kilicho sanifu.

Mambo hayajapoa. Vita vya Kongo vimeleta watu wengi upande huu. Baada ya wimbi la mwaka 2017, makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalianzishwa wilayani Nchelenge mwaka 2018. Humo mna walimu, washoni, wauguzi na mafundi ambao Kiswahili ndicho lugha wanayoelewana nayo wao kwa wao. Baadhi yao huenda wakafika Kigoma, Nairobi au Kampala kutafuta kazi, na siku moja wakaombe uraia. Watakutana na ofisa, na ofisa huenda akawaelekeza kwa mwalimu wa Kiswahili. Tunauliza: mwalimu huyo atawapa karatasi gani?

Hatuna budi pia kukiri upande wetu. Kwa siku zile zote sisi ndio tuliokuwa wageni wenye lugha isiyotosha. Kibemba hatukukijua zaidi ya salamu. Mwenyeji wetu alitukumbusha kwamba wamisionari Wakatoliki waliofika kaskazini mwa Zambia walikuwa na desturi ya kwenda kwanza kituo cha Ilondola kujifunza Kibemba kabla ya kuanza kazi. Hakuna sheria ya uraia iliyowalazimisha. Walijua kwamba mtu hawezi kufanya kazi na watu asiowasikia. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo maana ya asili ya sharti la lugha: mtu asikie na asikike.

Mtihani kama kizuizi

Historia ya kuitumia lugha kama lango ni ndefu na si ya kupendeza. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kisa cha Waamuzi sura ya 12, pale watu wa Gileadi walipovishika vivuko vya Yordani na kumtaka kila mpitaji atamke neno moja. Aliyekosa sauti "sh" aliuawa. Kipimo kile kilitumia lugha, lakini hakikupima kama mtu anaelewa na kuzungumza. Kilimtafuta yule asiyetakiwa.

Australia ilikuwa na mtihani wa imla kwa wahamiaji kuanzia mwaka 1901 hadi 1958. Ofisa aliweza kumsomea mgeni kifungu katika lugha ya Ulaya aliyoichagua yeye ofisa. Mwaka 1934, mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha kadhaa, alisomewa kifungu kwa Kigaeli cha Uskoti, akashindwa. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilimwokoa kwa kuamua kwamba Kigaeli hicho hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana iliyokusudiwa na sheria. Mtihani huo haukuwekwa ili mtu aushinde.

Siku hizi nchi za Ulaya zimeweka vipimo vilivyo wazi zaidi. Ujerumani na Uingereza, kwa mfano, humtaka mwombaji uraia aonyeshe ujuzi wa ngazi ya B1 katika mfumo wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2001. Mtu anaweza kuubishia ukali wa ngazi hiyo kwa mzee au kwa mtu asiyesoma, lakini angalau anajua anadaiwa nini kabla ya kuingia chumbani.

Hapa pana hoja ambayo baadhi ya wenzetu wametupinga nayo, nayo ni nzito. Wanasema: mkiondoa kipimo cha Kiswahili sanifu, mnafungua mlango wa ufisadi. Kila ofisa atasema "huyu anajua" au "huyu hajui" kulingana na alichopewa chini ya meza. Aidha, wanaongeza, Kiswahili sanifu ndicho kinachotuunganisha. Mgeni akijifunza chochote atakacho, tutaishia kila mtu na chake.

Hoja ya kwanza tunaikubali kabisa. Ukimya wa sheria haumfai mnyonge. Pasipo kipimo, mwenye suti husikika kuwa anajua na mwenye mafuta ya injini mikononi husikika kuwa hajui. Ndiyo maana hatupendekezi kipimo kiondolewe. Tunapendekeza kipimo kipime kile kinachodaiwa na sheria.

Hoja ya pili hatuikubali kwa ukamilifu wake. Usanifu ni chombo cha shule, vitabu, magazeti na sheria, na sisi tunaishi kwa kuufundisha. Lakini hautumiki kuamua nani ni mwenzetu. Mwaka 2016, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walianza safari ya miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Walitambuliwa mwaka uliofuata kuwa kabila la 43 la Kenya. Kiswahili walikuwa nacho miaka yote hiyo. Hakikuwasaidia kitu hadi walipotembea. Kisa hicho kinatuonya tusije tukaamini kwamba lugha ndiyo iliyokuwa ikiwazuia watu. Mara nyingi lugha huwa kisingizio, na hatupendi taaluma yetu igeuzwe kisingizio.

Mapendekezo

Kwa kuwa idara nyingi za Kiswahili huombwa barua za namna hii, tunapendekeza mambo manne yajadiliwe.

Kwanza, tupime kuelewa na kuzungumza tu, pale sheria inapodai hayo tu. Karatasi ya ngeli iachwe darasani. Mwombaji asikilize tangazo, kwa mfano la chanjo ya watoto au la kukatika kwa maji, kisha aeleze alichosikia. Aeleze kazi yake kwa mtu asiyeijua. Alalamikie huduma mbaya, na ajibu maswali kuhusu lalamiko lake. Hayo ndiyo mambo ambayo raia huyafanya kwa mdomo wake.

Pili, watahini wawe wawili, na angalau mmoja awe amezoea kusikia Kiswahili cha nje ya darasa: cha pwani, cha bara, cha Kongo. Mtahini asiyewahi kusikia "batu" atalihesabu kuwa kosa la ulimi.

Tatu, lahaja isihesabiwe kuwa kosa. Swali la mtahini liwe: je, msikilizaji wa kawaida amemwelewa? Hapa ndipo tulipomdhulumu fundi. Tulimwelewa kila neno kwa karibu saa nzima, kisha tukamwandikia kwamba Kiswahili chake hakitoshi. Ushahidi tulikuwa nao masikioni, nasi tukaenda kuutafuta katika karatasi.

Nne, barua yetu ieleze badala ya kuhukumu. Iseme mwombaji anaweza kufanya nini kwa Kiswahili na nini bado hawezi, na iseme tulimpimaje. Uamuzi wa uraia si wetu. Barua yenye neno moja, "ametosha" au "hajatosha", inatupa madaraka ambayo hatukupewa na sheria yoyote.

Tungependa kuongeza neno kuhusu mhandisi wetu, ili tusionekane kumbeza. Alifanya kila alichoagizwa. Kama kuna upungufu, ni wa kwetu. Alituambia baadaye kwamba kazini kila akianza Kiswahili wenzake humjibu kwa Kiingereza, na kwamba sokoni bado hununua vitu kwa kidole. Karatasi yetu ilimpa alama 74 na haikumsaidia kuishi. Kipimo kizuri kingemwelekeza mapema kwenye mazungumzo, na leo angekuwa raia anayesikika.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sharti la lugha katika sheria zetu za uraia ni fupi na lina mianya, lakini moyo wake ni mzuri kuliko mitihani yetu. Linamtaka mtu aelewe na azungumze. Sisi tukaongeza kuandika, tukaongeza ngeli, tukaongeza insha ya utalii, na kwa nyongeza hizo tukamfungia mlango mtu aliyekuwa amekwisha kuingia.

Tuliporudi kutoka Kashikishi tuliitoa ile karatasi katika faili na kuisahihisha upya. "Tutoto tunalia" tumeipa alama. Tulijaribu pia kumtafuta fundi kwa nambari ya simu aliyotuachia, lakini haipatikani tena. Kama atafika katika idara nyingine akiomba barua, tunawasihi wenzetu wamketishe kwanza na kumwacha azungumze.

Wenye maoni tofauti, hasa walimu waliowahi kuandika barua kama hizi, tunawakaribisha watujibu katika toleo lijalo.